Unyevu na Ukungu Katika Nyumba za Kupanga: Kuutambua, Kuutolea Taarifa na Kuuzuia

Mazungumzo na wapangaji na wenye nyumba, Mpanda, Mkoa wa Katavi



Jambo linalotukutanisha halina ugeni kwa yeyote aliyewahi kupanga chumba katika mji huu. Mkoa wetu hupata mvua kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo kuta nyingi hazipati nafasi ya kukauka. Sehemu ya chini ya ukuta hubadilika rangi. Rangi iliyopakwa huvimba na kubanduka. Unga mweupe humwagika sakafuni kila asubuhi hata kama ulifagia jana. Pembeni mwa dari hutokea madoadoa meusi, na nguo zilizokaa kabatini hutoka na uvundo. Wengine huuita ukungu, wengine huuita fangasi, na wengine husema nyumba imeliwa na chumvi.

Kuna sababu ya kulizungumza jambo hili sasa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika eneo la mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Watu hao wanahitaji pa kulala, na vyumba vya kupanga vimeongezwa kwa haraka, kuanzia Makanyagio hadi Kawajense, kuanzia Nsemulwa hadi Ilembo. Kinachojengwa kwa haraka mara nyingi hurukwa hatua, na hatua inayorukwa kwanza ni ile isiyoonekana: kinga ya maji chini ya ukuta. Tena chumba kinapokuwa adimu, mpangaji huogopa kulalamika asije akaambiwa ahame, na mwenye nyumba huona hana haja ya kutengeneza kwa kuwa mpangaji mwingine yupo mlangoni.

Neno ninaloomba mlichukue leo ni hili: ukungu ni alama ya maji. Palipo na ukungu pana maji yaliyopata njia ya kuingia na hayajapata njia ya kutoka. Ukiijua njia ya maji, umeijua dawa yake, na kwa kiasi kikubwa umemjua pia anayepaswa kuigharimia. Usipoijua njia hiyo, utapaka rangi kila mwaka na ukungu utarudi kila mwaka.

Kwa nini tusiudharau

Wapo wanaosema, "Ukungu ni uchafu wa macho tu, mbona wazazi wetu waliishi nao?" Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo juu ya unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009. Mwongozo huo ulieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua.

Huko Rochdale, Uingereza, mwezi Desemba 2020, mtoto aitwaye Awaab Ishak alifariki siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan na waliishi katika nyumba ya kupanga iliyojaa ukungu. Baba yake alikuwa ametoa taarifa kwa waliompangisha miaka mitatu kabla, na akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2022 afisa anayechunguza sababu za vifo aliamua kwamba mtoto yule alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyoletwa na kuishi muda mrefu katika ukungu. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria inayowataka wanaopangisha nyumba za jamii kushughulikia unyevu kwa muda uliopangwa. Ninaitaja habari hiyo kwa sababu ushauri ule wa kupaka rangi juu ya ukungu husikika hapa kwetu kila msimu.

Naomba hapa tusichanganye mambo. Ukungu wa ukutani hauleti kifua kikuu. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya akapimwe, hata kama anaamini kwamba kinachomkohoza ni ukuta.

Kuna na hasara ya chakula. Katavi ni mkoa wa mahindi, mpunga na karanga, na wapangaji wengi huweka gunia la mwaka mzima katika chumba kilekile wanacholala. Gunia likikaa sakafuni penye unyevu na kuegemea ukuta uliolowa, nafaka hunyonya maji na kuota kuvu. Baadhi ya kuvu za nafaka na karanga hutengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na isiyoondolewa kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo gunia liwekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na nafaka iliyoota kuvu isiliwe wala wasilishwe kuku.

Njia tatu za maji

Maji huingia katika ukuta kwa njia tatu, na kila njia ina alama zake.

Njia ya kwanza ni ya chini. Tofali la kuchoma, ambalo ndilo tunalolitumia zaidi, hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Udongo wa tope uliotumika kuunganisha matofali nao hunyonya vivyo hivyo. Iwapo hakuna kinga kati ya msingi na ukuta, maji ya ardhini hupanda polepole. Alama yake ni mstari wa unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda, mara nyingi usiozidi kimo cha kiuno cha mtu mzima. Juu ya mstari huo ukuta ni mkavu. Maji yanapokauka usoni mwa ukuta huacha chumvi yaliyoibeba kutoka udongoni. Huo ndio unga mweupe, na ndio unaovimbisha lipu na kuibomoa. Rangi ya mafuta inayopakwa sehemu ya chini ya kuta za vyumba vingi haiponyi tatizo hili. Huyafungia maji ndani, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Njia ya pili ni ya juu na ya pembeni. Bati lililotoboka au msumari uliolegea hupitisha maji, na dari huonyesha duara la rangi ya kahawia linalopanuka kila mvua. Maji ya paa lisilo na mfereji hupiga chini na kurukia ukuta. Bomba lililopasuka ndani ya ukuta hulowesha sehemu moja hata wakati wa kiangazi. Choo au bafu la jirani lililo nyuma ya ukuta wako huleta doa lisilokauka. Alama ya njia hii ni kwamba doa lina mahali pake maalumu, na huongezeka mara tu baada ya mvua au baada ya maji kutumika.

Njia ya tatu ni ya ndani. Hewa hubeba mvuke kutokana na pumzi zetu, sufuria iliyo jikoni, maji ya kuoga na nguo zilizoanikwa chumbani. Hewa hiyo ikigusa kitu cha baridi, kama bati lisilo na dari wakati wa usiku au ukuta wa nje alfajiri, mvuke hugeuka matone. Alama yake ni madoadoa meusi yaliyotawanyika penye hewa isiyopita: pembe za juu, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kuzunguka dirisha. Hapa hakuna mstari wa chini wala unga wa chumvi. Chumba kimoja kinacholala watu watano, kinachopikiwa ndani na kufungwa dirisha tangu magharibi kwa kuogopa mbu na wezi, hujitengenezea mvua yake chenyewe.

Ikiwa huna hakika, lipo jaribio lisilogharimu. Chukua kipande cha nailoni safi chenye upana wa karibu sentimita 30 kila upande. Futa ukuta ukauke usoni, kisha ubandike nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, hewa isipite. Iache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande unaotazama chumba, maji yanatoka katika hewa ya chumba. Ukuta mmoja unaweza kuwa na yote mawili, hivyo jaribu zaidi ya sehemu moja.

Nani anapaswa kutengeneza

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inaweka masharti ambayo yamo ndani ya kila mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa. Moja ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinachopangishwa kiwe kinafaa kwa makazi ya binadamu siku pango linapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Jingine ni kwamba, pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Vilevile, nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa, kodi yote au sehemu yake ya haki husimama hadi itakapotengenezwa.

Mpangaji naye ana wajibu. Anapaswa kulipa kodi, kuitunza nyumba ipasavyo, na kumruhusu mwenye nyumba kuingia kwa saa zinazofaa ili akague. Hadaiwi uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi na muda.

Mtasema, "Mimi sina mkataba wa karatasi, tulikubaliana kwa mdomo tu." Sheria hiyo inatambua pango la mwaka mmoja au pungufu lililofanywa kwa mdomo. Karatasi inarahisisha ushahidi, lakini kuikosa hakukufanyi usiwe mpangaji.

Tukiziunganisha sheria na zile njia tatu, mambo hunyooka. Maji yanayopanda kutoka ardhini ni ya mwenye nyumba, kwa maana mpangaji hakujenga msingi. Maji yanayopita katika bati, ukuta wa nje au bomba la ndani ya ukuta ni ya mwenye nyumba pia, isipokuwa mpangaji ndiye aliyeharibu. Mvuke wa ndani unahitaji haki ya pande zote mbili. Mpangaji ajiulize anapikia wapi, anaanika wapi na dirisha hufunguliwa saa ngapi. Mwenye nyumba ajiulize kama chumba kina dirisha linalofunguka, wavu wa mbu na matundu ya hewa. Hamtendei haki mpangaji anayemwambia afungue dirisha ambalo halikuwekwa.

Namna ya kutoa taarifa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyohivyo. Migogoro mingi ya pango huharibika kwa sababu mpangaji alisema mara kumi na hakuandika hata mara moja.

Siku unapoona alama, piga picha zinazoonyesha chumba kizima na doa lenyewe. Andika tarehe na iwapo mvua ilinyesha. Mwambie mwenye nyumba kwa adabu, ana kwa ana au kwa simu, kisha ufuatishe maandishi. Barua ni bora. Ujumbe wa simu nao unafaa, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu maandishi ya kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, hivyo usiufute. Baki na nakala ya kila ulichopeleka. Barua yenyewe haihitaji maneno makali:

"Ndugu Mwenye Nyumba,

Yahusu: Unyevu katika chumba ninachopanga

Mimi ni mpangaji wako katika chumba cha pili upande wa uani tangu mwezi Machi. Tangu tarehe 4 Desemba ukuta wa mashariki umelowa kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, lipu inabomoka na unga mweupe unatoka. Pia pana doa darini linaloongezeka kila mvua inaponyesha. Mtoto wangu amekuwa akikohoa, nami nimempeleka zahanati.

Naomba uje ukague pamoja na fundi ndani ya siku 7, kisha tuandikishane lini matengenezo yataanza na kumalizika. Nimeambatisha picha tatu. Nitakuwepo nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni.

Wako, Mpangaji (jina, sahihi, tarehe na namba ya simu)"

Siku 7 zilizotajwa katika mfano huu ni ombi la mpangaji, wala hazikupangwa na sheria. Bati linalovuja juu ya kitanda au karibu na waya wa umeme haliwezi kungoja wiki. Hapo omba fundi siku hiyohiyo, zima swichi kuu, na usiguse soketi iliyolowa.

Jambo moja lataka tahadhari kubwa. Usisimamishe kodi kwa uamuzi wako peke yako, wala usikate gharama za fundi katika kodi pasipo makubaliano. Ulinzi wa mpangaji kisheria huenda pamoja na kulipa kodi, na anayeacha kulipa humpa mwenye nyumba hoja asiyokuwa nayo. Mkikubaliana kwamba utengeneze wewe kisha gharama zikatwe katika kodi, andikeni kiasi, kazi itakayofanyika na miezi itakayohusika. Wote wawili mtie sahihi, na awepo shahidi. Hili ni muhimu zaidi hapa kwetu, ambapo wengi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingia. Aliyekwisha kulipa mwaka hana fedha ya kuzuia. Silaha yake ni maandishi.

Iwapo hapatikani jibu

Hatua ya kwanza ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye mara nyingi anawafahamu wote wawili na anaweza kuwakalisha pamoja. Chukua nakala za barua na picha.

Hatua ya pili ni afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazodhuru afya, nayo inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kumtaka mhusika aondoe kero. Mwombe akague na aandike alichokiona. Maandishi ya afisa aliyeuona ukuta kwa macho yake yana uzito kuliko maneno ya mpangaji na mwenye nyumba wakirushiana.

Hatua ya tatu ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya baraza hili katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo.

Hatua ya nne ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Katavi liko hapahapa Mpanda. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada usio na malipo na inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizeni katika ofisi ya halmashauri waelekezwe kwenu walio karibu.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba kila ukuta uliolowa ni kesi. Migogoro mingi huishia katika hatua ya kwanza, pale mwenye nyumba anapoona kwamba mpangaji ana kumbukumbu, ana adabu, na anajua anachokiomba.

Kuusafisha ukungu bila kujidhuru

Ukungu wa eneo dogo, lisilozidi takriban mita moja ya mraba, unaweza kuusafisha mwenyewe. Eneo likiwa kubwa kuliko hilo, au lipu ikiwa imeoza, ni kazi ya fundi. Watoto na mwenye pumu watoke kwanza. Fungua dirisha na mlango, vaa barakoa na glavu. Usiukwangue wala kuufagia ukiwa mkavu, kwa sababu mbegu zake hupeperuka na kuingia kifuani. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa, suuza, kisha ukaushe vizuri. Kitambaa hicho kitupwe.

Jiki husaidia kwenye vigae na sehemu ngumu, lakini kwenye lipu haifiki ndani. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala dawa nyingine ya usafi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Na hili naomba lisisahaulike na yeyote: usikaushe chumba kwa jiko la mkaa huku milango na madirisha yamefungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ukuta uliolowa unaweza kungoja jua.

Kuzuia

Kwa mpangaji, kinga ni mazoea madogo ya kila siku. Fungua madirisha asubuhi, ikiwezekana pande mbili ili hewa ipite. Funika sufuria, na pikia nje au barazani unapoweza. Anika nguo nje, na mvua ikizidi zianike penye upepo. Sogeza kabati na kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Usimwage maji ya kufulia kando ya ukuta, wala usipande maua au mboga zinazomwagiliwa kuugusa msingi.

Kwa mwenye nyumba, wakati wa kazi ni kiangazi, kabla ya Novemba. Panda juu ya paa ukague misumari na mabati. Weka mfereji wa paa na uyaelekeze maji yake mbali na msingi. Chonga udongo unaozunguka nyumba uteremke kwenda nje. Udongo uliojaa hadi usawa wa sakafu uondolewe, kwa sababu sakafu na kinga ya ukuta vinapaswa kuwa juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15. Lipu iliyooza kwa chumvi ibanduliwe na ukuta uachwe ukauke kabla ya kupigwa lipu mpya. Kuipiga juu ya ukuta uliolowa ni kutupa saruji.

Anayejenga sasa ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Nailoni nzito ikitandikwa chini ya jamvi, na kinga isiyopitisha maji ikiwekwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta, gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na jengo zima. Ukishamaliza kuta, kuirudishia kinga hiyo ni kazi ngumu na ghali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe upo chini ya miguu yetu.

Kabla hujalipa kodi

Vyumba vingi huonyeshwa kiangazi, vikiwa vimekauka na kupakwa rangi mpya, na dalali ana haraka. Usiwe na haraka naye. Vuta pumzi mara tu mlango unapofunguliwa, maana pua huutambua uvundo kabla ya macho. Weka kiganja ukutani karibu na sakafu. Tazama kama rangi mpya imepakwa sehemu ya chini peke yake. Inua macho darini utafute duara za kahawia. Pasipo na dari, zima taa mchana uangalie kama nuru inapenya kwenye bati. Zunguka nyuma ya nyumba uone maji ya mvua yanaelekea wapi. Kisha muulize mpangaji wa chumba cha pili, "Mvua zikinyesha, hapa panakuwaje?" Swali hilo halina gharama, na jibu lake huenda likakuokolea kodi ya mwaka mzima.

Ukiridhika, piga picha za kila ukuta siku ya kuingia, na mwandikishane hali ya chumba. Picha hizo zitamlinda mpangaji siku ya kutoa taarifa, na zitamlinda mwenye nyumba siku ya kupokea chumba chake.

Ndugu zangu, nyumba ya kupanga ni makubaliano ya watu wawili wanaohitajiana. Mmoja anataka kodi yake na jengo lake lidumu, na mwingine anataka watoto wake walale pakavu. Maji hayo yanayopanda ukutani yanamla mmoja mfuko na mwingine kifua. Kabla mvua za mwaka huu hazijashika, nawaomba wote wawili mwende pamoja nyuma ya nyumba, mtazame maji yanapopita, na mkubaliane kwa maandishi nani atafanya nini na lini.